Safu ya Ukutani

Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, mwalimu mpya aliingia darasani na chaki mkononi na andalio la somo alilolinakili kwa mwandiko wa kadi ya harusi. Alikuwa na shahada ya kemia na muhula mmoja wa kozi ya uzamili ya ualimu. Dada yake, aliyekuwa akimlisha tangu alipokosa kazi, alimwambia asubuhi hiyo, "Safari hii usiniangushe, mdogo wangu."

Madawati yalijaa hadi nyuma. Safu ya mwisho ilikuwa na watoto watatu walioingia ukutani.

Wawili walikuwa wamezama hadi masikioni, nyuso na magoti yakabaki nje. Wa tatu, msichana aliyeitwa Kidoti kwa alama yake ya shavuni, alibakiza pua, kidoti chenyewe na ncha za viatu.

"Hao ni wa ukutani," alisema mwalimu mlezi, mwenye darasa, huku akifuta ubao. "Mtoto asipoulizwa muda mrefu huegemea. Akizidi kuegemea, ndiyo hivyo. Hawana fujo."

"Wanasikia?"

"Vizuri tu. Wewe fundisha wa mbele. Silabasi haimsubiri mtu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto themanini na koo lililokauka, na wakati wa mapumziko alimgawia mgeni wake nusu ya chai yake.

Chuoni walifundishwa kwamba ukishauliza swali, ufunge mdomo usubiri. Wanachuo walilichekea somo hilo, kwani nani asiyejua kunyamaza? Mwalimu mpya alilijaribu. Alimuuliza Kidoti chumvi huenda wapi ikikorogwa majini, kisha akafunga mdomo. Wa mbele walinyoosha mikono na kupiga vidole. Hakuwatazama. Chokaa ilianza kupukutika nyuma, bega moja likatoka. Kengele ikalia, bega likarudi.

Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Jioni, akimenya vitunguu jikoni, alimweleza dada yake.

"Basi mtoe," dada alisema. "Lakini ufaulu kwanza. Ukifeli, utamtoa ukiwa nani?"

Siku ya kutahiniwa, mtathmini kutoka chuoni aliketi nyuma kabisa. Mkoba wake aliutundika kwenye goti lililokuwa karibu, akaomba radhi. Mwalimu mlezi alimnong'oneza mwalimu mpya mlangoni, "Leo wa mbele tu. Ukuta usiuguse, tafadhali."

Mwalimu mpya aliwauliza wa mbele, wakajibu kama maji. Mtathmini alitikisa kichwa kwa kuridhika. Somo lilikuwa linakwenda vizuri, na hilo ndilo lililomkera mwalimu mpya. Akageuka.

"Kidoti, chumvi imekwenda wapi?"

Kisha akafunga mdomo, akasubiri. Mtathmini akaitazama saa yake. Mwalimu mlezi akakohoa dirishani. Bega likatoka, likafuata sikio, kisha mguu mzima na soksi yake. Mwalimu mpya alijua alama zake zinamwagika sakafuni pamoja na ile chokaa, na bado hakufungua mdomo. Mwishowe Kidoti alisimama, mweupe mwili mzima, akajifuta midomo.

"Haijaenda popote, mwalimu. Imetawanyika ndogondogo, hatuioni. Ukionja, ipo."

"Sahihi," alisema mwalimu mpya.

Mtathmini aliukung'uta mkoba wake na kuandika: Somo halikukamilika. Mwalimu apunguze ukimya. Akampitisha kwa chupuchupu. Dada alipika chakula kizuri.

Siku ya mwisho ya mazoezi, fundi alikuwa akichanganya chokaa uani, maana ukuta ule hupakwa kila muhula. Kidoti alikuwa amehamishiwa dawati la mbele, amechangamka, mkono juu. Nafasi za mbele hazikuongezwa. Yule aliyempisha, mtoto mwenye kigugumizi, alikuwa nyuma, na kola yake ilikwisha kushikana na ukuta.

Mwalimu mpya alimuuliza swali, akafunga mdomo. Mtoto alivuta pumzi, shingo ikajitenga kidogo na ukuta, silabi ya kwanza ikatoka mara mbili. Kengele ikalia. Mwalimu mlezi aliingia na chaki zake, akatabasamu kwa upole.

"Kipindi changu, mwenzangu," alisema.

Mtoto akaegemea.