Sauti Yangu, Meno ya Manka

1.

MAONI YA WATAZAMAJI CHINI YA VIDEO

Huyu dada wa mbele mwenye mwanya anaitwa nani jamani?

Anaitwa Manka. Yupo hapahapa Moshi.

Sauti tamu mpaka nimesimamisha kazi. Na huo mwanya sasa!

Manka, umepewa sauti, umepewa na sura. Sisi wengine tulikuwa wapi?

Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nyuma ya Manka, nimefunika mdomo kwa kiganja.

Sauti ni yangu.


2.

Ngoja nikueleze, msomaji, maana si kila mtu anajua kwaya zetu zinavyorekodi.

Kwanza sauti. Tunaingia studio, chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, tunaimba mpaka fundi mitambo aridhike. Wiki zinapita. Halafu ndiyo picha: tunavaa sare, tunakwenda kwenye bustani ya hoteli fulani yenye maua, spika inapiga wimbo wetu wenyewe, na sisi tunafungua midomo kuufuata.

Kwa hiyo sauti na mdomo si lazima viwe vya mtu mmoja.


3. ANASEMA ONESMO, MPIGA PICHA

Mimi sina ubaya na Namsifu. Binti mpole, hata maji ya kunywa aliniletea. Lakini kila akifika penye kufungua mdomo, mkono huo! Nikamwambia, "Dada, sasa nipige picha ya kiganja?" Wenzake wakaangua kicheko. Naye akacheka, kwa mkono vilevile.

Jua linazama, hoteli wanataka bustani yao, kuna harusi inasubiri getini. Nikaangaza macho kwenye mstari. Wewe mwenye mwanya, hebu njoo mbele. Maneno unayajua? Anayajua. Basi fungua mdomo.

Mimi napiga kinachoonekana. Kisichoonekana si kazi yangu.


4.

Chonge langu la juu, kushoto, limempanda mwenzake kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Ya chini yamebanana, na moja limegeuka ubavu ili mengine yapite. Nikiyatazama kwenye kioo peke yangu, nayaonea huruma. Nikiyatazama baada ya kuiona ile video


5. VITU VYA MANKA NILIVYOVITAZAMA KULIKO INAVYOFAA

— Mwanya. Wanawake wa kwetu wakiusifu husema "mwanya wake", kana kwamba kitu kisichokuwepo kinaweza kumilikiwa. Wake unamilikiwa.

— Anavyokula hindi la kuchoma. Analing'ata. Mimi napukuchua punje kwa kidole, nasema ni adabu.

— Anavyocheka, kichwa nyuma, koo lote nje.

— Anavyosema "asante" watu wakimsifia ule wimbo. (Alishawahi kuwaambia, "Hapana, ile sauti ni ya Namsifu." Wakacheka. Walidhani ananyenyekea. Wakazidi kumpenda.)


6. TANGAZO

Uongozi wa Kwaya ya Vijana unawatangazia wanakwaya wote kwamba maandalizi ya albamu mpya yameanza. Sauti zitarekodiwa mwezi wa sita na picha zitapigwa kabla ya Krismasi. Kufuatia malalamiko ya waumini waliomwalika mwimbaji wa solo wakakuta haimbi, kwenye solo ya safari hii ataimba NA kuonekana mtu mmoja tu. Kamati itamteua. Vigezo ni sauti, pamoja na uso wa furaha usiozibwa na kitu chochote, mkono ukiwemo.

Wenu katika huduma,
Katibu.


Mkono ukiwemo.

Hapo niliandikiwa mimi.


7.

Nilikwenda kliniki ya meno bila kumwambia mtu. Daktari Mmbando ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alinipa karatasi ya maelezo. Naiweka hapa, pamoja na niliyoyajibu moyoni.

KUNYOOSHA MENO KWA WATU WAZIMA: NJIA ZISIZOONEKANA SANA

Vyuma vya rangi ya jino. Hugundishwa mbele ya meno. Kwa mbali havionekani. Mgonjwa aepuke vyakula vyenye manjano na rangi kali.
(Kwa mbali. Manka huniegemea begani tukisoma nota.)

Vyuma vya nyuma ya meno. Hugundishwa upande wa ulimi. Havionekani kabisa. Mgonjwa ategemee ulimi kuchubuka, na matamshi kubadilika kwa muda.
(Kabisa. Nilisoma neno hilo tena na tena.)

Vifuniko vya plastiki angavu. Huvaliwa mchana na usiku, huvuliwa wakati wa kula. Mgonjwa asiye na nidhamu hatapata matokeo.
(Nidhamu ninayo. Sina pa kuvulia.)

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Nauza dawa, dokta. Duka la dawa pale karibu na stendi."

"Unaongea na watu sana?"

"Na barakoa."

Akanitazama juu ya miwani. "Korona imekwisha."

"Ndiyo, dokta."

"Sasa hivi vyote vitatu vinanyoosha, vinatofautiana kujificha. Kufika Krismasi chonge litakuwa limeanza kushuka, sikuahidi zaidi. Kwa hiyo nikuulize swali moja ndipo nijue nikushauri nini. Hutaki nani aone?"

Nilitakiwa kusema: watu.

Nilitakiwa kusema: wateja.


Manka.


8 9. (hizi mbili zimepandana, zisome hivyohivyo)

MAMA: Vyuma mdomoni, mtu mzima na cheti chako cha chuo?
MIMI: Havitaonekana, mama.
MAMA: Meno hayo ni ya bibi yako mzaa baba. Aliolewa nayo, akazikwa
MIMI: nayo, najua, lakini bibi hakuimba solo
MAMA: Nani amekwambia hakuimba? Upare nzima walikuwa
MIMI: Kwenye video, mama.
MAMA: Aa. Video.


10.

Jaribio la vyuma vya nyuma. Nilitafuna bigijii mpaka ikalainika, nikaibandika nyuma ya meno ya mbele, nikajifungia chumbani nikaimba mstari wa kwanza wa wimbo mpya. Maneno yake ni *Sisi sote tusimame, siku yake si ya siri.*

Nilichosikia:

*Thithi thote tuthimame*

Nikacheka. Kisha nikaibandua, maana wiki za ulimi kuzoea vyuma ndizo wiki za studio. Ningekuwa na siri kamili mdomoni, na sauti isiyo yangu.

Jaribio la vifuniko angavu halikuhitaji bigijii. Baada ya mazoezi huwa tunakunywa chai ya pamoja, maandazi katikati ya meza, kila mtu anamwona mwenzake anavyotafuna. Nitavulia wapi? Chooni? Nitaviweka wapi? Kwenye leso, halafu mtu afutie meza? Manka ndiye hugawa maandazi. Angesema mbele ya wote, kwa wema kabisa, "Namsifu mwaya, mbona huli?"

Wema wake ndio unaonichosha zaidi. Angekuwa mbaya ningepumzika.


11. YALIYOSIKIKA JIKONI, MASUFURIA YAKIOSHWA

— Manka siku hizi hanywi chai, umeona?

— Anabaki na Mwalimu wa kwaya kule chumba cha vinanda.

— Wana nini?

— Mae! Wewe nawe. Anafundishwa solo.

— Solo ya Namsifu?

— Shh.


12.

Nilikwenda mpaka dirishani. Sikupanga kusikiliza, nilisema nakwenda kumwaga maji ya sufuria, na kweli sufuria nilikuwa nayo.

Manka alikuwa akiimba. Kwa sauti yake mwenyewe. Sikuwahi kuisikia ikiwa peke yake: nene kidogo, yenye vumbi, na nzuri. Lazima niseme nzuri. Lakini kila alipokutana na herufi S, upepo ulimponyoka katikati ya meno kama filimbi.

*Sssssi — sssssi  ssssso — te*

"Upepo, Manka," Mwalimu akasema, amechoka. "Hapa unaweza kusamehewa. Kipaza sauti hakisamehe. Tatizo ni huo mwanya."

Nilifurahi.

Nilifurahi hadi nikasahau kumwaga maji.


13.



                    .



(Nimeacha nafasi hii makusudi. Ni hapo upepo wake unapopita. Nilikaa na furaha yangu humo siku kadhaa, na haikunitosha.)


14.

Kwa sababu kuna jambo ninalolijua, msomaji, na Mwalimu halijui, maana yeye ni mpiga kinanda.

Mtu mwenye meno mabaya hujifunza kuyakwepa. Mimi tangu utotoni upepo ulinitoka ubavuni mwa chonge, nikachekwa darasani, nikatafuta njia mwenyewe. Ncha ya ulimi usiiinue. Ishushe, iegemee nyuma ya meno ya chini, iache hapo. Upepo unalala. Filimbi inakufa. Ndiyo maana fundi mitambo hupenda herufi zangu.

Mwanya si tatizo. Ulimi wake tu haujaonyeshwa pa kukaa.

Sikumwambia.


15.

Siku ya kuchukuliwa umbo la meno nilikuwa nimeshaamua: vifuniko angavu. Sauti kwanza. Habari ya maandazi ningesema nimefunga, na nikishindwa kufunga, naumwa tumbo.

Nikafungua mlango wa kliniki.

Kwenye benchi, chini ya bango la jino linalotabasamu, karatasi ileile mkononi:

Manka.


16.

"Namsifu!" Akasogea kunipisha. "Na wewe jino?"

"Jino," nikasema.

"Pole shoga yangu. Linauma?"

"Kidogo."

Akaikunja ile karatasi, akaikunjua. "Mimi haliumi. Usicheke lakini. Nimekuja kufunga mwanya."

Sikucheka. Sijui nilifanya nini na uso wangu.

"Mae, usinitazame hivyo! Dokta anasema kazi ndogo, hata mwaka haufiki. Hebu nisaidie wewe msomi: cha nyuma au hiki cha plastiki? Sitaki watu wa kwaya wajue."

"Kwa nini ufunge? Watu wote wanaupenda."

"Wanaupenda." Akaangalia mlango wa daktari. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kicheko. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo zaidi. "Unajua ile harusi ya Machame? Waliniita niimbe. Wameniona kwenye video, wamenipa kiti cha mbele, bibi harusi analia kabla sijaanza. Spika haina wimbo, kuna kipaza sauti tu. Namsifu, nilishika koo. Nikasema nina mafua."

"Ukafanyaje?"

"Nikakohoa! Nikakohoa mbele ya wazee wa Machame mpaka wakaniletea tangawizi. Tangu siku ile nimechoka kuwa mdomo wako."

Mdomo wako.

Muda wote nilihesabu kwamba yeye ndiye aliyechukua sauti yangu.

"Mwalimu anasema nikiufunga, upepo utaisha," akaendelea. "Na upepo ukiisha, nitaomba ile solo. Nakwambia wazi, sitaki kukuzunguka. Nitaiomba kamati. Wewe unaimba kuliko mimi, najua. Lakini wewe hutaki kuonekana. Si ndiyo? Hutaki."

Nilikuwa na mkono mdomoni. Niliushika kwa mkono wa pili.


17. HESABU YA WIVU, HARAKA HARAKA, KWENYE BENCHI

Nikinyamaza, ataingia mle ndani na mwanya utakufa. Sitauona tena. Watazamaji watamwona dada mwenye meno ya kawaida, kama ya watu wote.

Na atafika studio mwezi wa sita mwanya ukiwa bado umefungwa nusu, herufi zikimponyoka, na kamati itanipa mimi.

Nikisema, atakuwa na mwanya. Na sauti. Na kicheko, na hindi la kuchoma. Vyote. Mtu mmoja.

Nami nitakuwa na

nitakuwa


18. ANASEMA MUUGUZI WA MAPOKEZI

Walikuwa wawili kwenye benchi. Mmoja mrefu, mwenye mwanya mzuri, mwingine mfupi, anaficha mdomo. Nikaita, "Manka Lyimo!" Yule mrefu akasimama. Yule mfupi akamkamata sketi, kwa nguvu, nikadhani wanagombana. Nikasema, "Jamani, hapa ni hospitali."


19.

"Kaa kwanza," nikamwambia.

"Ananiita, Namsifu."

"Kaa. Dokta atasubiri. Sema *sisi*."

"Nini?"

"Sema."

Akasema. Filimbi. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika shavu akageuka.

"Ulimi wako uko wapi?"

"Mdomoni! Wewe vipi?"

"Uko juu. Ushushe. Ncha iguse meno ya chini, kwa nyuma."

Akajaribu. Akakosea. Akajaribu, akakosea vibaya zaidi, akaanza kucheka, kichwa nyuma, na wivu ukawa vilevile kama siku zote, haukupungua hata chembe. Maneno hayakutosha kumwonyesha. Hakuna namna ya kuona ulimi wa mtu aliyefunga mdomo.

Basi nikaushusha mkono.

Nikamgeukia, dirisha likiwa nyuma yake ili mwanga uniingie mimi, nikafungua mdomo wote. Chonge. Mwenzake aliyembeba. Yale ya chini yaliyobanana, lile lililogeuka ubavu. Mzee mwenye shavu aliona. Muuguzi aliona. Manka akainama, akaja karibu mpaka nikasikia pumzi yake, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia kisimani.

"Aaa," akasema taratibu. "Kumbe unakaa *hapo*."

"Manka Lyimo!" muuguzi akaita tena. "Unaingia au huingii?"

Manka alikuwa amefumba macho, anauhamisha ulimi wake gizani.

*Ssi,* akasema.

Upepo ulikuwepo bado. Lakini mdogo. Mdogo sana.

Nilimsikia, na iliniuma.

"Tena," nikamwambia.