Bomba Lililotaja Sababu

Jumanne, tarehe 14 Januari. Tangu alfajiri upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma juu ya mtaa wa Loma Guavirá, ule upepo wa moto unaotimua vumbi jekundu na kuwafanya watu wagombane hata na kuku wao. Deolinda Ovelar, ambaye wote walimwita Ña, yaani Bi, alifungua ofisi ya bodi ya maji, akafanya ishara ya msalaba mbele ya picha ya Bikira Maria wa Caacupé, akawasha kompyuta na kuanzisha zamu ya maji ya asubuhi.

Kompyuta ndiyo iliyofungua na kufunga koki za mtaa mzima. Programu yake iliandikwa na kijana mmoja ambaye siku hizi alikuwa akipaka rangi nyumba za watu huko Buenos Aires. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa kazi na mchoyo wa maneno. Jambo lolote likiharibika, liwe dogo au kubwa, skrini ilitoa neno moja tu: hitilafu. Na tangu Krismasi, zamu ilipofika Kichochoro cha Jazmín, skrini ilisema hitilafu, na maji hayakufika.

Watu wa kichochoro walikuwa wakija dirishani na ndoo zao.

"Leo je, Ña Deolinda?"

"Hitilafu, mama."

"Hitilafu gani?"

"Haisemi."

"Basi mashine yako ina kiburi kama wewe," alisema Casilda.

Maneno hayo yalimuuma Deolinda kuliko joto. Alikuwa mama wa ubatizo wa binti wa Casilda, na tangu walipokuwa wasichana walikaa benchi moja kanisani. Sasa Casilda alikuwa amehamia benchi la upande wa pili. Aliamini kwamba Deolinda anajua sababu na anaificha.

Deolinda hakujua. Alikuwa ameshapata wajukuu ndipo akaanza kusoma kompyuta, jioni, katika ukumbi wa parokia, miongoni mwa vijana waliomwita bibi na kumsogezea feni. Wiki ile mwalimu Aníbal alikuwa amewafundisha habari ya makosa.

"Programu ni kama nyumba ya ghorofa," alisema. "Kosa linazaliwa chini, kisha linapanda ngazi. Kila ghorofa linapopita, ghorofa hiyo iseme ilikuwa ikifanya nini. Zisiposema, huku juu mnapokea mtoto anayelia tu, na hamjui panapouma."

Deolinda aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika sala mpya. Jumatatu mchana, zamu zikiwa zimepumzika, aliifungua programu na kukipa kila kifungu sentensi yake ya kusema kilikuwa kikifanya nini. Alisali kabla ya kila kifungu, kwa sababu hakujiamini. Alisali tena baada yake, kwa sababu kilikubali.

Kwa hiyo asubuhi hiyo ya Jumanne skrini ilisema: zamu ya asubuhi haikukamilika, nilipokuwa nikipeleka maji Kichochoro cha Jazmín, kwa sababu koki ya kichochoro haikufunguka, kwa sababu imefungwa kwa mkono.

Deolinda alimshukuru Mungu. Sentensi alizoandika zilikuwa zimeishia hapo. Kosa lenyewe halikuishia hapo.

Kule kichochoroni mabomba ya nyumba zote yalikohoa, yakasafisha koo na kuendelea kwa sauti moja ya utulivu, kama ya msomaji wa matangazo ya misa. Yalisema kwamba mkono uliofunga koki ni wa fundi Eligio, alipokuwa akitekeleza agizo. Agizo lilikuwa la Karai Wilfrido Bareiro, bwana mwenyekiti wa bodi, naye alilitoa mkesha wa Krismasi nyumbani kwa shemeji yake, wakati mbavu za ng'ombe zikigeuzwa upande wa pili juu ya makaa, kwa sababu bwawa la kuogelea la shemeji lilikuwa bado halijajaa. Hapo mabomba yalinyamaza. Harufu ya mafuta yaliyodondokea makaa ilibaki hewani kidogo. Ndoo zilikuwa kavu.

Ña Petrona, mama yake Casilda, alilifunga bomba lake ili lisichoke.

"Mungu akulipe, mwanangu," aliliambia. "Wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Casilda alifika ofisini na chipa za moto, vile vimkate vya jibini, ndani ya kitambaa.

"Nilikuita mwenye kiburi," alisema.

"Uliniita na mengine."

"Hayo mengine siyafuti, mwenzangu, nilihangaika kuyatafuta." Kisha akacheka, akalia kidogo, akamkatia chipa kubwa kuliko zote.

Tangu siku hiyo watu wa kichochoro waliamka mapema kusikiliza. Kosa lilikuwa likiongezeka. Jumatano lilitaja pia kwamba maji hayakutoka wakati Ña Petrona akienda kisimani na goti lililovimba. Alhamisi lilimtaja mtoto aliyeogeshwa kwa maji ya kuoshea mchele. Wenye nyumba walilisahihisha pale lilipokosea, nalo likapokea. Fundi Eligio alikuja, akavua kofia, akasikiliza jina lake hadi mwisho.

"Ni kweli, mkono ni wangu," alisema. Wakamkaribisha kiti.

Jumapili, benchi la Deolinda lilikuwa na watu wawili tena. Alishukuru misa nzima, kuanzia wimbo wa kwanza.

Baada ya misa Karai Wilfrido mwenyewe alikuja kichochoroni. Majirani walikuwa wamekaa duara kivulini karibu na bomba la Ña Petrona, wakinywa tereré, chai baridi ya majani inayozungushwa kwa kibuyu kimoja, kwa maji ya barafu ambayo binamu yake Casilda aliyaleta kwa pikipiki. Walimpa mgeni nafasi. Kibuyu kilipomfikia, alivuta mrija hadi majani yakakoroma.

"Sikatai," alisema. "Bomba linasema kweli, hata mbavu zilikuwa hivyo hivyo. Lakini linasema sana. Juzi lilinitaja mbele ya padri."

"Na maji, Karai Wilfrido?" Casilda aliuliza.

"Bwawa likikauka, vigae vinapasuka. Hilo nalo mlielewe."

"Goti la mama yangu si kigae, ndiyo maana halikuhurumiwa."

Watu walicheka, na Wilfrido naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Kisha alimgeukia Deolinda.

"Ña Deolinda, rudisha lile neno moja. Lilikuwa neno la heshima, halikumgusa mtu. Usiporudisha, kesho ufunguo wa ofisi nampa mwingine."

Akamrudishia Casilda kibuyu na kusema, "Asante."

Kwenye duara la tereré asante haisemwi mpaka mtu atosheke. Kibuyu kilikuwa kimezunguka mara moja tu, na yeye alikuwa ametosheka.

Casilda alikijaza tena, akampa Deolinda. Deolinda alikunywa taratibu, akamrudishia bila kusema asante, akainuka. Aliutoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni lake la kanisani, akauweka gotini pa mwenyekiti. Mkono wa pili aliuweka juu ya bomba, lililokuwa la moto kwa jua.

"Mungu ni shahidi, na Bikira wa Caacupé, na nyinyi nyote, na wewe pia Karai Wilfrido kwa kuwa umekaa nasi," alisema. "Ufunguo ni wa bodi, uchukue. Lakini nilichojifunza nimepewa uzeeni, na siwezi kukirudisha. Kosa lolote litakalopita mikononi mwangu, hapa au popote, nitalifikisha kwa anayeumizwa nalo pamoja na sababu yake, na kila mkono lililopitia nitautaja. Na mkono huo ukiwa wangu, naahidi, jina langu sitaliruka."