Kiti cha Pili cha Ford ya Delbert

Delbert Stuckey aliinunua ile Ford ya mwaka 1932 ikiwa bodi tupu. Akalishusha paa, akabakiza viti viwili tu, akapachika injini ambayo majirani zake wa mji wa Bakersfield waliilaani kila Jumapili asubuhi. Fundi alikuwa fundi kweli, ila kumaliza kazi hakukujua.

Rangi aliichagua mkewe Lorene, nyekundu iliyoiva. Delbert akamwahidi kwamba siku itakapopigwa, safari ya kwanza ni baharini, Pismo, wao wawili. Kabla ya hapo asikae mtu kwenye kiti cha pili. Basi akimaliza breki, anaona milango haijakaa sawa. Akinyoosha milango, anaibomoa injini. Zaidi ya miaka ishirini gari lilizunguka na rangi yake ya msingi, kijivu kama jivu la jiko.

"Leo je?" Lorene alikuwa akiuliza, amesimama mlangoni mwa gereji, kitambaa kichwani tayari.

"Bado, mama. Nalijaribu tu, narudi sasa hivi."

"Haya, msalimie mke mwenzangu."

Rangi ilipigwa baada ya mazishi ya Lorene. Ikatoka safi, na Delbert akashindwa hata kuligusa gari lenyewe.

Jumamosi moja akaja Efrain, fundi wa matrekta, kulinunua, pamoja na mkewe Rosalva. Bei walishakubaliana kwenye simu. Rosalva akafungua mlango, akaingiza mguu.

"Viatu hivyo," Delbert akafoka.

Rosalva akaurudisha mguu nje. "Samahani, mzee. Kwani bado halijaisha?"

Delbert alitamani ardhi impasukie. Sauti ile ile aliyomzuia nayo Lorene, na sasa kwa mke wa mtu.

"Limeisha, mwanangu," akasema taratibu. "Kaa na viatu vyako."

"Tutalipitisha nyumbani kwanza," Efrain akasema, "nilikague kidogo, halafu ndiyo nimtembeze."

"Usilipitishe nyumbani. Ukianza kulikagua hamtatoka. Nendeni Pismo hivi hivi."

Efrain akacheka, akidhani anataniwa, lakini mkewe alishajifunga mkanda. Gari likanguruma, likashika njia.

Delbert akabaki mlangoni mwa gereji, akilitazama kwa nyuma likienda likipungua. Hakuwahi kuliona hivyo. Kila lilipotoka, yeye alikuwa ndani, peke yake. Aliyekuwa akiliona hivyo, miaka yote ile, ni Lorene.