Mto wa Manyoya ya Bata Bukini

Siku ya thelathini tangu mumewe azikwe, Bibi Armgard wa Elverode aliamka amechoka kama alivyolala. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa na furaha kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya mkate unaokaribia kuiva.

Katika nchi ya Wasaksoni mjane hasumbuliwi kwa siku thelathini. Hulala chumba kilekile na hula chakula kilekile, na mrithi, awe na haraka kiasi gani, hungoja. Bodo, mwana wa Armgard, alikuwa amengoja kwa adabu, ila mkewe alishaanza kupima madirisha kwa macho. Leo ndiyo mwisho. Misa ya marehemu itasomwa, wageni watakula, kisha panga, farasi na nyumba vitakuwa vya Bodo. Vitu vya kike ni vya Armgard: magodoro, shuka, makasha, kondoo na bata bukini, na hapo Bodo hana haki hata ya kitambaa cha kufutia mikono. Lakini kabla hajaondoka, mjane hudaiwa jambo moja. Ni lazima achukue shuka zake mwenyewe, amtandikie mrithi kitanda cha marehemu, kama kilivyokuwa marehemu alipokuwa hai.

Baada ya hapo yuko huru, na Armgard alijua kabisa uhuru wake ataupeleka wapi. Babu wa mumewe aliwahi kuwapa watawa wa Himmelsrode shamba zuri la ngano, nao wakaahidi kwamba siku zote mwanamke mmoja wa Elverode atakuwa na chumba kwao mpaka afe. Mmoja, si wawili. Shangazi Benedikta aliyekuwa nacho alifariki majira ya kuchipua, na tangu hapo Armgard alikuwa akikiota chumba kile: dirisha dogo, kitanda chembamba, na mlango usiogongwa na mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Mto wake ulikwisha kutangulia. Kwa miaka mingi, kila bata walipochinjwa, aliweka kando manyoya laini ya kifuani, akaujaza mto ambao hakuwahi kuulalia hata mara moja. Juzi alimpa mwenye mkokoteni auwahishe Himmelsrode, naye mwenyewe angeufuata leo alasiri.

Basi alikuwa akitandika kitanda, akisaidiwa na Ilsebe, binti yake wa mwisho, msichana wa miaka kumi na saba mwenye mikono myembamba na kichwa kigumu.

"Vuta upande wako," Armgard alisema.

Ilsebe akavuta.

"Sio hivyo. Baba yako alikuwa hataki mikunjo miguuni."

"Baba amekufa, mama."

"Najua. Nimemzika mimi. Vuta."

Wakakitandaza kitambaa, wakakipiga viganja. Ilsebe akabaki ameinama.

"Bwana Asche anakuja leo," alisema.

"Anakuja kula. Kila mtu anakuja kula."

"Anakuja kuniangalia meno."

Ilikuwa kweli. Asche wa Dornhagen alikuwa jirani yao, na kwa muda mrefu nyumba hizo mbili zilikuwa zikigombania msitu wa mialoni, nguruwe wa nani wale matunda yake. Watunza nguruwe wawili walikwisha kuuawa kwa ajili hiyo na ghala moja kuchomwa moto. Marehemu, kabla hajaangushwa kitandani na ugonjwa, alikubaliana na Asche kumaliza ugomvi kwa njia ya kawaida: Asche, mgane, aoe mwanamke wa Elverode, na nguruwe wa pande zote wale pamoja. Mwanamke aliyebaki wa kuolewa alikuwa Ilsebe.

"Mama, niachie mimi chumba cha Himmelsrode."

Armgard alisikia vizuri. Akachukua mto wa marehemu, akaupiga ngumi kuliko ulivyohitaji.

"Unajua nimekingoja tangu lini?"

"Najua."

"Hujui. Nimeamka kabla ya vijakazi tangu nikiwa na umri wako. Nimetia nyama chumvi, nimepika pombe, nimeficha ng'ombe msituni huku nina mimba, nimewakarimu watu waliokuja kututukana. Baba yako akisafiri ni mimi, akirudi ni mimi, akiumwa ni mimi. Nimechoka, Ilsebe. Sisemi nimechoka leo. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Asche si mtu mbaya. Hapigi watu."

"Wake zake wawili wote wamekufa wakizaa."

"Mimi nimezaa tisa, na nimesimama hapa."

"Lutgard hakusimama."

Lilikuwa jina ambalo halikuwa likitajwa ndani ya chumba kile. Lutgard, dada yake Ilsebe, aliolewa mbali, akarudi kujifungulia kwa mama yake kwa sababu alimwamini kuliko wakunga wa kwao. Alijifungulia kitanda hikihiki. Mtoto hakulia, na Lutgard mwenyewe hakuona asubuhi.

"Nilisimama hapa," Ilsebe alisema, akaonyesha ubao chini ya miguu yake. "Nilishika beseni. Uliniambia nisiangalie, nikaangalia. Mama, mimi siogopi kazi. Siogopi hata Bwana Asche na mbwa wake. Naogopa kitanda."

Armgard alitaka kusema kwamba wanawake wote wanaogopa na wote wanalala hapo hivyohivyo. Maneno yalimfika mdomoni. Akaona mikono ya bintiye, jinsi ilivyo ileile ya Lutgard, akayameza. Badala yake akasema kengele inalia na watachelewa misani, ingawa kengele ilikuwa bado.

Kanisani alipiga magoti na hakusali. Alikasirika. Alimkasirikia binti kwa kuomba, mume kwa kuahidi kitu kisha akafa, na Lutgard kwa kufa. Alipomaliza hao wote alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa bado anakiona kile kitanda chembamba cha Himmelsrode na bado anakitaka.

Asche alikuja na mbwa watatu na goti linalouma. Alikuwa mtu mkubwa, ndevu zenye mvi, na kifungo kimoja cha koti lake kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kazi ya mwanaume bila shaka. Alimpa Armgard pole ya msiba kwa maneno machache, akakaa, akala. Alikula kama mtu ambaye kwake hakuna chakula cha maana.

"Nani ametia nyama hii chumvi?" aliuliza.

"Mama," alisema Bodo, aliyekuwa amekaa kiti cha baba yake kwa mara ya kwanza na hajui mikono aiweke wapi.

"Kwangu nguruwe aliyechinjwa mwaka jana alioza kabla ya Krismasi. Tulimzika. Nimeona mengi, lakini sijawahi kuona nguruwe akifanyiwa maziko."

Wageni wakacheka. Ilsebe akaja na birika la pombe kumjazia kikombe. Pombe ikamwagika juu ya meza, na Asche akamtazama kuanzia juu hadi chini. Haikuwa tamaa, Armgard aliona. Ilikuwa kama mtu anayelitazama daraja bovu na amekwisha kuambiwa lazima avuke.

"Binti mwembamba," alisema polepole.

"Atanenepa," alisema Bodo.

Hapo Armgard aliliona jambo zima, wazi kama sahani iliyo mbele yake, na jibu lake pia. Akajiambia anyamaze. Akakata kipande cha mkate mweusi, akakitafuna, akajiambia tena anyamaze, kwamba mkokoteni uko uani tayari, kwamba zamu yake imekwisha. Akanywa pombe kuusukuma.

"Bwana Asche," alisema. "Unataka msichana, au unataka amani?"

"Nataka amani. Msichana ndiyo njia yake."

"Mlivyokubaliana na marehemu, mlisema msichana?"

Asche akafikiri. "Tulisema mwanamke wa Elverode."

"Mimi ni nani?"

Meza nzima ikamgeukia. Hata mbwa mmoja aliyekuwa akitafuna mfupa aliacha.

"Mama," alisema Bodo.

"Nyamaza mwanangu, naongea na jirani." Armgard akaiweka mikono juu ya meza. "Bodo hawezi kuchoma nyumba anayolala mama yake. Na wewe hutaiba nguruwe wa mtoto wa mkeo, utaona aibu. Sitakuzalia, hilo limekwisha. Lakini una watoto watano na nasikia hakuna wa kuwatoa chawa. Nakuja na magodoro yangu, kondoo wangu na bata wangu. Na nyama yako haitazikwa tena."

Armgard akaona macho ya mwanawe yakienda pembeni kama yaendavyo mtu anapopiga hesabu: mama akiolewa tena, shamba alilotengewa limlishe ujaneni linarudi kwa Bodo. Hesabu ikamjia vizuri, na uso wake ukalainika. Iliuma kidogo, lakini Armgard alikwisha kuzoea kuumizwa kidogo.

Kasisi akakohoa, akasema kanisa halikatazi, ila ingependeza wangoje Pasaka ipite.

Asche alikuwa bado anatafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko nyama ilivyohitaji.

"Unakoroma?" aliuliza mwishowe.

"Sijui. Sijawahi kulala vya kutosha nikajua."

Wageni wakacheka, na chini ya kicheko hicho Asche akainama karibu yake, akasugua goti. "Mke wangu wa kwanza alikuwa na umri wa binti huyu," alisema, kwa sauti ya kusikika na yeye tu. "Wa pili alimzidi kidogo. Sikutaka kuzika mwingine, Bibi Armgard. Ila sikujua nirudi vipi nyuma."

"Sasa umejua."

"Nachinja wiki ijayo," alisema. "Pasaka ni mbali."

"Nitakuja kutia chumvi, nirudi. Pasaka nitakuja kukaa."

Wakapeana mikono mbele ya wote, Bodo akaweka wake juu, kasisi akasema maneno yake, na msitu wa mialoni ukapata amani. Ilsebe alikuwa amesimama ukutani na birika tupu mkononi, machozi yanamtiririka, hajaribu hata kuyafuta.

Mkokoteni uliokuwa umetayarishwa kwa ajili ya mama ukamchukua binti kwenda Himmelsrode. Uani kulikuwa na baridi, farasi wanatoa mvuke puani. Armgard alimfunga Ilsebe joho lake mwenyewe, akalikaza shingoni kama anayemfunga mtoto mdogo.

"Mto wangu uko kule kitandani," alisema. "Wa manyoya."

"Nikurudishie?"

"Wa nini? Lala nao wewe. Ulale mpaka jua litoke."

"Mama, watawa huamshwa usiku kusali."

Armgard akamtazama. Miezi yote ile alikuwa akiota chumba kile kama mkazi wa kawaida, mjane asiyevaa shela ya utawa, asiyeamshwa na mtu. Msichana wa miaka kumi na saba watamfanya mtawa, hawatamwacha alale. Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kikamwishia vibaya kidogo.

"Basi ulale baada ya sala," alisema.

"Unanichukia?"

"Asubuhi nilikuchukia. Panda, farasi wanapata baridi."

Alingoja mpaka mkokoteni ukapita lango na daraja na kugeuka kwenye miti. Wageni walikuwa bado wanakunywa. Akapanda ngazi, akaingia chumba cha marehemu, ambacho sasa kilikuwa cha Bodo na mkewe. Kitanda kilikuwa safi, shuka imenyooka bila mkunjo. Hakikuwa chake tena, hata shuka zake hazikuwa zake tena. Akajilaza juu yake na viatu vyake, mahali palepale alipolala miaka yote ile, upande wa ukutani, na akafumba macho. Lutgard alikuwapo, na marehemu alikuwapo, na mto wake ulikuwa mbali, unangoja kichwa cha mtu mwingine. Akalia kidogo, bila sauti, kisha usingizi ukaanza kumjia, ule mzito, wa kweli, aliokuwa akiutafuta.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Gese, kijakazi wake mzee.

"Bibi, Bwana Asche anaondoka. Anauliza wiki ijayo chumvi alete yeye au utakuja nayo wewe."

"Mwambie nakuja nayo. Yake ina mchanga."

Armgard akainuka. Akaona alama ya mwili wake kitandani. Akaipiga viganja mpaka ikapotea, akainyoosha shuka miguuni, pale ambapo marehemu hakutaka mikunjo, kisha akashuka kwenda kutafuta chumvi.