Ngumi ya Masika

Tangazo lilisomwa redioni Kasese siku ya Jumatatu, fupi kama amri ya afande: anayemjua mtoto wa kike aitwaye Masika, aliyepigwa picha studio zamani za wakoloni, afike Bwera kwa Desire.

Desire, mkusanyaji wa picha za kale za watoto, alikuwa ametoka Kampala na shahada mbili. Hakuna hata moja iliyomfundisha kwamba kwa Wakonzo, wenyeji wa huko, kila binti wa kwanza huitwa Masika.

Kufikia saa sita walikuwa wamekuja watu hamsini na watatu.

"Huyu iko nyanya yangu," alisema mzee mmoja wa Kyarumba.

"Mzee, picha umeishika juu chini."

"Hata ukigeuza, iko yeye tu."

Desire aliguna. Jumba la makumbusho lilikubali kuonyesha picha zake thelathini kwa sharti moja: kila mtoto ajulikane jina na ukoo. Imebaki hii tu, aliyoipenda kuliko zote, aliyoitoa kwenye sanduku la marehemu mpiga picha huko Butembo, Kongo. Binti wa miaka minne hivi, gauni jeupe, amenuna kama aliyekanyagwa, ngumi ya kushoto ameifumba. Nyuma imeandikwa "Masika, Bwera", basi. Na mwisho wa kupeleka majina ni kesho!

"Wa hamsini na nne!" aliita, sauti imemkauka.

Akaingia bibi Loyi na mkongojo wake. Picha hakuitazama.

"Mukono ya kushoto imefungwa?"

Desire akaiinamia picha.

"Ndani iko yai ya kuchemsha. Mupiga picha alimupa mama yangu ili atulie, akamukataza kukula. Kisha akaenda Kongo na picha. Mama alimuchukia ule mutu mupaka kufa."

Desire akanyakua lenzi. Kati ya vidole kulikuwa na kiduara cheupe alichokidhania doa la ukungu miezi mitatu mizima.

"Jina lake kamili, mama? Ukoo?"

"Masika Everina. Muswagha."

Akaandika. Alipoinua macho, Loyi alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili, anamtazama mama yake akiwa mdogo kuliko vitukuu vyake. Kisha akaitia kifuani, ndani ya gauni.

"Mama, hiyo ni ya maonyesho!"

"Mama yangu aliingojea mupaka akafa. Wewe unataka na mimi ningojee?"

Mkongojo ukagonga sakafu hadi mlangoni. Desire akabaki na jina kamili, ukoo na fremu tupu.

"Hodi!" ikaita sauti kutoka nje. "Nimeleta habari ya Masika."