Wa Mwisho Mstarini

Kabla filimbi ya kuamsha haijalia, koplo aliyeitwa Swala alikuwa ameshaiondoa stuli aliyoigandamiza mlangoni usiku, akairudisha mahali pake, wenzake wasije wakaanza maneno. Buti hakuwa na haja ya kuvaa, maana alilala nazo. Alizilegeza kamba, akazifunga upya ili aonekane kama watu, kisha akakitandika kitanda ambacho shuka lake halikuwa limekunjika popote.

Mpiga tarumbeta wa kikosi, aliyelala kitanda cha jirani katika bweni lile la wanawake, alimtazama kwa jicho moja.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Haya. Na mimi ni jenerali."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wenye kazi mbele yao. Leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo. Swala alikuwa ameshaanguka mtihani wa mbio mara mbili, na sheria ya jeshi ilijulikana hata kwa wapishi: ukianguka mara ya tatu, hufai. Unavua mkanda, unakabidhi vitu vyako, unarudi kwenu. Mpiga tarumbeta alimwahidi kwamba atakimbia nyuma yake tangu mwanzo mpaka mwisho, akamwambia asigeuke kutazama kitu.

Jina lenyewe la Swala hakujipachika. Walimpa siku za ukuruta, alipowaacha wanaume wenye vifua vipana wakihema njiani kama mbwa wa jua kali. Alikuwa fundi wa redio, tena fundi hasa, na aliteuliwa kwenda chuo akasomee ualimu wa redio, wa kwanza mwanamke kutoka kambi ile. Mama yake aliitangaza habari ile mtaa mzima, mpaka majirani wakawa wanamwita Mama Mwalimu kabla mwalimu hajapatikana.

Kisha, mwaka jana, sajini wa mazoezi alimwita kwenye stoo ya mahema wakahesabu vigingi. Alifunga mlango kwa ndani, akambaka. Tulitamke neno hivyo hivyo, maana pale kambini hakuna aliyethubutu kulitamka. Alimbaka, na alipomaliza akamwamuru aokote vigingi vilivyotawanyika, na yeye akaviokota, kwa kuwa ilikuwa amri.

Alikwenda kwa kapteni. Kapteni alimsikiliza akiwa amesimama, akamweleza kwamba sajini yule ndiye aliyemfundisha hata yeye kapteni kushika bunduki, na kwamba mtama haumwagwi penye kuku wengi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Alikwenda kwa daktari wa kikosi. Daktari alimpima moyo, mapafu na magoti, akasema mwili mzima, hauna kasoro. Aliposikia mengine akainamisha kichwa, akasema hayo si ya tiba, ni ya uongozi, arudi kwa kapteni. Akampa vidonge vya usingizi. Swala alivimeza usiku mmoja, akalala fofofo, na alipoamka na kugundua kwamba mtu yeyote angeweza kuingia asimsikie, akavitupa vyote chooni.

Basi asiyelala atakimbiaje? Pumzi ilikata. Mikono ilianza kutetemeka, akaunguza redio mbili nzima. Nafasi ya chuo akapewa mwingine. Wale wale waliompa jina wakaanza kumwambia, Swala, siku hizi umekuwa kobe? Naye anacheka nao. Afanye nini?

Lakini pumzi si kitu. Balaa ilikuwa mkia. Kambini mtihani wa mbio una desturi yake: askari hukimbia mstari mmoja kwenye kinjia kinachozunguka uzio, na sajini wa mazoezi hukimbia nyuma ya wote, akiwa na filimbi. Yeye ndiye mkia. Akikupita, umeanguka. Mara ya kwanza Swala alipomsikia nyuma yake alichepuka akaingia majanini. Mara ya pili alitapika.

Uwanjani, kapteni aliwagawa wanawake makundi mawili kwa namba za vitanda. Swala akaangukia la kwanza, mpiga tarumbeta la pili. Walitazamana. Ahadi yao yote iliishia hapo.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza Swala aliongoza, na kwa muda mfupi alikuwa yule wa zamani, upepo usoni, buti nyepesi. Mzunguko wa pili kifua kikaanza kuwaka. Wenzake wakampita mmoja mmoja, kila mmoja akimnong'oneza, kaza, dada, kaza. Alikaza. Alipopitwa na wa mwisho, hakubaki mtu nyuma yake isipokuwa mmoja.

Buti zile alizijua. Na juu ya buti, pumzi: fupi, ya puani, yenye mluzi mdogo mwishoni. Mstari wa kumalizia ulikuwa unaonekana, na chokaa yake inang'aa. Angeweza kufika akijikokota, mkia asingempita.

Swala akasimama. Akageuka, akamtazama usoni.

"Pita."

Sajini alisita, akatazama huku na huku. Kisha akapita.

Kapteni alikuja mwenyewe, saa mkononi, amekasirika kweli, maana alimtaka afaulu ili mambo yaishe.

"Ulikuwa umeshafika. Umesimama kwa nini?"

"Namjua anavyohema, afande."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alilisikia. Wanawake wote walitazama chini. Wengine walikuwa hawajui. Wengine walikuwa wanajua vizuri sana, na hao ndio walioinama zaidi. Kapteni aliitazama saa yake kwa muda mrefu, utadhani jibu limo mle.

"Hafai," akamwambia karani wa matokeo, kisha akamgeukia Swala. "Vua mkanda. Kundi la pili, mstarini."

Swala akavua mkanda, akaukunja vizuri kama alivyofundishwa. Alifikiria mama yake na majirani zake. Ndipo alipowaona wa kundi la pili. Walikuwa wamejipanga bega kwa bega, wameziba kinjia chote, pasiwe na wa mwisho. Kapteni akafoka mara moja tu: mstari mmoja! Wakavunja safu, wakajipanga. Na mstari ukiwa mmoja, lazima mtu awe wa mwisho. Alikuwa mpiga tarumbeta, mwenye miguu mifupi. Sajini akajisogeza nyuma yake.

Swala akauangusha mkanda, akaenda akasimama kati ya mpiga tarumbeta na sajini, kisogo chake kwa sajini. Hakuondoka.

Askari wawili wa zamu walimshika mikono, wakamtoa taratibu, kwa adabu kabisa, wakimwita dada na si koplo tena. Raia haruhusiwi mstarini, walimweleza. Nyuma yake filimbi ikalia, na buti zote zikaondoka pamoja.