Shavu la Mguu wa Mzee Kailemia

Mzee Kailemia amekwea miti ya miraa huko Muthara tangu enzi ambazo nyani walimwamkia na kumpisha njia, au ndivyo anavyosema mwenyewe, na nyani hawajakanusha. Mwaka jana msuli wa mguu ukamchanika, na mwanawe Riungu akapitisha sheria: Baba asipande tena. Akae kivulini na kina mama afunge vibunda.

Afunge vibunda, yeye.

Basi akafunga, ila alichofunga ni mguu. Aliuzungushia kamba ya mgomba, akaikaza vile inavyokazwa miraa ya kwenda Nairobi, mpaka vidole vikawa rangi ya zambarau. Akaukumbatia mbaine, mti mkongwe wa miraa alioachiwa na babake, akajisukuma juu. Mguu ukagoma kama punda. Riungu akamshusha mbele ya wachumaji wote, akampeleka kliniki mjini Maua ili ubishi uishe.

Huko walipokewa na Gladwell, binti wa tiba ya viungo. Alimpaka mafuta baridi, akawasha mashine inayoonyesha nyama kwa ndani. Mzee alipoinua kisigino, msuli ulifupika kwenye kioo ukavimba vizuri. Gladwell akamkaza mkanda kwenye mguu huo, akamwambia arudie. Safari hii msuli ulihangaika, ukatambaa pembeni ukitafuta nafasi.

Kailemia akasema mashine ni mbovu.

"Hapa panaitwaje, mzee?" Gladwell alimgusa nyuma ya mguu.

"Shavu la mguu."

"Sasa, umewahi kutafuna miraa mtu amekushika shavu?"

Mzee akajishika shavu la uso. Tonge la miraa lazima lipate pa kuvimbia, la sivyo taya inafanya kazi ya bure. Kumbe alikuwa ameunyima mguu nafasi ya kutafuna mti.

Gladwell alimshauri avae bendeji laini, afanye mazoezi, na asiguse mti hadi msuli upone. Riungu akatabasamu. Alisikia "asiguse". Babake alisikia "hadi".

Msimu mzima alisimama mlangoni akiinua visigino kama jogoo anayetaka kuwika. Gladwell alipokubali kuwa msuli umepona, Mzee hakuaga mtu; Riungu alimkuta ameshakumbatia mbaine.

"Baba, shuka. Nani amekuruhusu?"

"Mwanangu, mguu ni wangu. Wewe unao wako, panda nao."

Akajisukuma. Shavu likavimba chini ya bendeji, tawi la kwanza likawa lake, na Riungu akabaki akiangalia soli za viatu vya babake zikizidi kuwa ndogo huko juu.